Kila flashi ya harusi ina kinanda kilekile: ni hizi programu za kila kitu ndani, au ni sie?

#1 StudioYaFuoni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naleta hoja, ipasueni.

Msimu huu wa harusi kabla ya Ramadhani nimepiga muziki kumbi nyingi, na kila kwenye harusi huletwa flashi. Kaswida, rusha roho mpya, Zenji flava, zote zimo. Nikifunga macho siwezi kukwambia hii imetoka studio ya Jang'ombe, hii ya Mwanakwerekwe, hii ya Chake. Kinanda kimoja, nyuzi moja, kishindo cha ngoma kimoja. Hata mwangwi uliowekwa kwenye sauti ya mwimbaji ni uleule na unakatika palepale.

Mie nasema sababu ni programu za kila kitu ndani. Unafungua FL Studio, Reason au Logic, mna ngoma, vinanda, sampla ya kupigia vipande vya sauti vilivyorekodiwa, mixa, vyombo vya kusafishia sauti, mpaka masta. Huna haja ya kutoka nje kutafuta kitu, na asiyetoka nje huchukua kile cha mwanzo kwenye orodha. Sote tumechukua cha mwanzo kwenye orodha ileile.

Mie mwenyewe nakula kwa programu hizo, kwa hiyo sizitukani. Nauliza: yupo aliyeachana na programu moja akaona tofauti? Au tatizo liko kwengine?

#2 Fundi_Mlandege
Wa alaykum salaam. Hoja nzuri ila lawama umeipeleka siko.

Kumbuka ilivyokuwa. Studio ya miaka ya 90 ilitaka mixa ya meza nzima, mashine ya tepu, sampla, kinanda na rundo la kebo. Msanii akirudi wiki ya pili anataka sauti yake ipande kidogo, unaanza kupanga vitufe upya kwa karatasi uliyoandika. Leo faili moja linafunguka na kila kitu kipo ulipokiacha. Hilo peke yake limewapa studio vijana ambao wazee wao wasingeweza kununua hata maiki.

Halafu kuna umeme. Waliokuwepo mwisho wa 2009 wanakumbuka umeme wa kutoka bara ulivyokatika, Unguja nzima ikakaa kiasi cha miezi mitatu bila. Laptopu moja unaichaji kwa jenereta dogo la jirani. Studio ya vyombo kumi huwezi kuichaji.

#3 Mkwasa
Fundi kashaanza kuuza laptopu, na uzi una posti mbili tu 😀

#4 FidlaYaMalindi
Salaam vijana. Mie ni mtu wa fidla, kompyuta naiona kwa wenzangu. Lakini ninachokisikia ni hichi.

Chukueni bayati, moja ya maqamu, yaani mipangilio ya noti tunayoimbia taarab. Inaanzia re, halafu inakuja mi ambayo si mi kamili wala si mi bemoli iliyoshushwa nusu toni, ipo baina yao. Kinanda cha kompyuta kina noti 12 katika oktava na hiyo haimo. Sasa kijana ananiita nimpigie fidla juu ya wimbo ambao kishaumaliza. Nyuzi zake za kompyuta zinapiga mi bemoli, nami nikiiweka mi mahali pake tunagombana. Ananiambia, "Mzee, umetoka." Mwisho nateremsha kidole ili tumalize kazi. Tulichokipiga hapo si bayati tena, ni maqamu nyengine, kurdi. Rasti nayo ukiipandisha mi yake ikawa kamili, imeshakuwa ajami.

Ndo maana nyimbo zinafanana. Maqamu zilizobaki ni zile ambazo kinanda kinazikubali: nahawandi, hijazi, kurdi, ajami. Msikilizaji haijui sababu, ila sikio lake linajua kuwa kuna kitu kimetolewa.

#5 StudioYaFuoni
Mzee Fidla, shikamoo. Hili ni zito kuliko langu. Mie nilikuwa nazungumzia rangi ya sauti, wewe umeingia kwenye sauti yenyewe.

#6 Fundi_Mlandege
Shikamoo Mzee. Kwa heshima, kompyuta inaiweza hiyo mi. MIDI, lugha ya vinanda tunayotumia tangu 1983, ina amri ya kupinda noti yenye hatua 16,384, na katikati yake ni 8192. Vinanda vingi vimewekwa vipinde toni moja juu na toni moja chini. Ukiteremka hatua 2048 kutoka katikati, ukafika 6144, umeshusha robo toni barabara, nusu ya hatua baina ya noti mbili jirani za kinanda. Unaichora hivyo chini ya kila mi ya wimbo. Kazi ya nusu saa. Programu haijamkataza mtu.

#7 Ukhti_Kanuni
Fundi #6, hesabu ni sahihi, lakini kuna mambo umeyaruka.

La kwanza, ile amri inapinda chaneli nzima. Ukiwa umeshika noti ya mi na noti ya la pamoja, hiyo la nayo inashuka. Kwa fidla moja inayopiga laini moja ni sawa, kwa kanuni ninayoipiga mie kwa mikono miwili si sawa. Utahitaji kila noti iwe na chaneli yake; utaratibu huo upo, unaitwa MPE na uliingizwa rasmi kwenye MIDI mwaka 2018, ila si kila chombo kinauelewa.

La pili, mi ya bayati na mi ya rasti hazikai pahala pamoja. Ya bayati iko chini kidogo, tena inatofautiana mpigaji kwa mpigaji. Kanuni ina vichuma vidogo kando ya nyuzi, tunavipandisha na kuviteremsha katikati ya wimbo. Nilipoanza kujifunza pale Dhow Countries Music Academy, skuli ya muziki ya hapa Zanzibar, kilichonichukua muda mrefu ni hicho, kusikia kichuma gani kiinuliwe na lini. "Robo toni barabara" ni namba ya kwenye karatasi.

La tatu linakusaidia wewe. Logic ina sehemu ya kupanga senti (vipimo vidogo vya sauti, mia moja ni nusu toni) za kila noti kati ya zile 12. Ableton Live 12, iliyotoka 2024, imeingiza mifumo ya tuni mpaka kwenye vyombo vyake vya ndani. Na Surge XT, sinthesaiza (chombo cha kuunda sauti) ya bure kabisa, inasoma mafaili ya Scala ambayo ndani yake unaandika tuni yako mwenyewe. Kwa hiyo mlango upo. Suala ni kwamba unapofungua programu mara ya kwanza, mlango huo umefichwa ndani na 12 ndizo zilizokaa barazani.

#8 Msafiri_Muscat
Nawasoma kutoka Muscat. Mnailaumu kompyuta kwa kosa la baba yake.

Kinanda cha kupigia harusi, cha Yamaha au Korg, ni chombo cha kila kitu ndani kabla hata hatujaijua laptopu. Ngoma, besi, nyuzi, filimbi, midundo iliyokwisha pangwa, vyote kwenye ubao mmoja na mpigaji mmoja. Rusha roho imekua juu ya kinanda hicho. Kundi la watu thelathini likawa watu sita kwa sababu ya kinanda hicho. Na vile vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu vina vitufe vya kushusha robo toni palepale mbele, huku vinauzwa madukani kama njugu. Kwa hiyo hoja ya Mzee Fidla ina jawabu la chuma tangu zamani, na bado watu hawavibonyezi. Kwa nini? Mie nadhani walioagiza muziki hawakuitaka tena bayati.

#9 Mkwasa
Naongezea la Msafiri. Akodiani je? Vikundi vya taarab, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club nao wana umri wao, na akodiani imo humo kwa miaka na miaka. Akodiani ya kawaida haina robo toni hata moja. Mbona bayati haikufa?

#10 FidlaYaMalindi
Suali zuri Mkwasa. Akodiani ilikuwa moja kati ya fidla nyingi, kanuni, udi na nai. Mpigaji mwenye adabu akifika kwenye mi ile huiruka au huigusa tu akaondoka, na fidla zinamfunika. Ilikuja ndani ya nyumba ambayo ina wenyewe.

Kompyuta inakuja ya mwanzo. Kijana anaanza na kinanda na ngoma, anamaliza kila kitu, halafu ndo ananiita mie mwisho, niweke "ladha ya taarab". Hapo mie ndiye mgeni, na mgeni hufuata aliyemkuta. Geuzeni mpango: nirekodini mie na mwimbaji mwanzo, kinanda kije nyuma kitufuate. Programu ileile, laptopu ileile, na bayati itakaa.

#11 StudioYaFuoni
Mzee #10 hapo nimepata kitu cha kufanya kesho asubuhi.

#12 KijanaWaKonde
Asalaam alaykum. Mie niko Pemba, Konde. Nawasikia mnazungumza laptopu, Logic, vichuma. Mie natumia simu. BandLab na FL Studio Mobile, basi. Maiki ni ya kwenye waya wa hedfoni. Kwetu sie hii ya kila kitu ndani ndo njia peke yake iliyopo, maana nje hakuna kitu cha kwenda kukichukua. Duka la vyombo la karibu liko wapi? Ukitaja Unguja hiyo ni boti.

Naomba msaada: nikiimba huku najisikiliza, sauti yangu inanijia nyuma, kama mtu ananiigiza. Nimalize vipi?

#13 Fundi_Mlandege
Kijana, sauti yako inakusanywa mafungu mafungu kabla ya kurudi masikioni. Kwenye laptopu fungu la sampuli 512 (vipimo vidogo vidogo vya sauti), ikiwa unarekodi sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 11.6 kwa kuingia, na kutoka tena ni nyengine. Ukipunguza fungu mpaka 128 inakuwa chini ya milisekunde 3, lakini kompyuta dhaifu itaanza kukwaruza. Kwenye simu nyingi za Android fungu huna uwezo wa kulipunguza utakavyo, na hedfoni za bila waya huzidisha mara nyingi zaidi.

Fanya hivi: waya, si bluetooth. Zima kujisikiliza ndani ya programu. Vaa sikio moja tu, jengine liache wazi ujisikie kwa hewa. Waimbaji wakubwa wanafanya hivyo hata kwenye studio za mamilioni.

#14 KijanaWaKonde
Nimejaribu sasa hivi. Imekubali. Ahsante sana kaka.

#15 Mrashi
Mie ni mwimbaji, mmeongea mafundi watupu acheni nami niseme.

Nyimbo zinafanana kwa sababu ya pesa na saa. Nafika studio na shairi na sauti niliyojirekodi kwenye simu. Nimelipia wimbo mmoja, nje kuna wengine watatu wanasubiri. Prodyuza hana muda wa kutafuta kinanda kipya. Anafungua faili la wimbo wa jana, anafuta sauti ya mwenzangu, anapandisha kasi kidogo, ananiambia imba. Nimewahi kuimba juu ya biti, siku ya pili nikaisikia ileile kwenye wimbo wa mtu mwengine, mtaa mwengine. Studio siitaji. Ile sifa ya faili kufunguka na kila kitu kipo mahali pake, aliyoisifu Fundi #2, ndiyo iliyonipa biti ya watu.

Mngetupa siku nzima kwa wimbo mmoja, hata simu ya Kijana wa Konde ingetoa kitu kipya.

#16 StudioYaFuoni
Mrashi, sema na upande wa pili. Wateja kumi wakija, wanane wanasema "nifanyie kama ile ya fulani". Nikimpa kitu kigeni anaona nimemuonea. Siku nzima nitaitoa kwa furaha, nani atailipa?

#17 Mrashi
Mie. Tena nikija na fidla yangu na mpigaji wangu. Niandikie bei.

#18 Sanduku_Mkunazini
Nimechelewa. StudioYaFuoni #1, umeiweka Reason kwenye orodha ya "kila kitu ndani" kana kwamba imezaliwa hivyo. Nimeitumia miaka mingi, naomba niseme yake kwa urefu kidogo, kwa sababu inajibu suali lako kwa pande zote mbili.

Reason ilitoka 2000, kampuni ya Propellerhead ya Sweden. Ilikuwa ni kabati la vyombo: sinthesaiza, sampla, mashine ya ngoma, mixa. Ukibonyeza kitufe cha Tab kabati linageuka nyuma, unaona kebo zinaning'inia na unaunganisha mwenyewe. Mie sikuwahi kufundishwa na mtu sauti inatoka wapi inakwenda wapi. Kebo zile ndizo zilizonifundisha. Nikienda leo kwenye mixa ya chuma ukumbini siulizi mtu.

Lakini kwa miaka kumi na zaidi ilikuwa hairekodi sauti! Wakatoa programu ya pembeni, Record, mwaka 2009, halafu wakaziunganisha kwenye Reason 6, 2011. Kabla ya hapo udi wa mtu ungeuingiza kwa kuukatakata kwenye sampla, au ungetumia programu nyengine sambamba. Jina lilikuwa "studio nzima" na mwimbaji hana pa kuingilia. Na plagini za nje, yaani vyombo vya kompyuta vya kampuni nyengine unavyochomeka ndani ya programu, zile za VST ambazo Steinberg walizianzisha 1996 na Cubase, Reason ilizifungia mlango mpaka toleo la 9.5, mwaka 2017. Toleo la 11 la 2019 likageuka kabisa: kabati lenyewe sasa linaingia ndani ya programu nyengine kama plagini.

Sasa faida ya kufungiwa mlango. Faili langu la zamani nikilifungua leo linapiga. Hakuna "plagini hii haipatikani". Wenzangu waliokuwa na programu za wazi na plagini za kila kampuni, walipotoka kwenye kompyuta za biti 32 (si biti ya ngoma) kuingia za 64 nusu ya nyimbo zao zilifunguka bubu. Pili, kwa kuwa sikuwa na cha kuongeza, nilivijua vile vilivyomo mpaka mifupa. Kwa hiyo hoja yako kuwa cha ndani kinaleta kufanana mie naipindua. Kinacholeta kufanana ni preseti, zile sauti zilizokwisha pangwa na kampuni. Kile chombo kimoja, ukikianza kutoka sifuri, kina sauti zisizokwisha.

#19 StudioYaFuoni
Mbona FL Studio ilikuwa na mlango wazi tangu 1999 Wajerumani walipoitoa, na nyimbo zake ndizo zinazofanana zaidi?

#20 Sanduku_Mkunazini
Image-Line ni ya Ubelgiji. FruityLoops ilitoka 1997, jina la FL Studio likaja 2003, na toleo rasmi la Mac ndo 2018. Kuhusu kufanana, jawabu langu ni lilelile: preseti, na lupu za kupakua, vile vipande vya muziki tayari vya kurudiarudia.

#21 Fundi_Mlandege
Na wanaotaka kununua FL wasome kabla ya kulipa, kwa sababu naulizwa hili kila mara. Toleo la chini kabisa, Fruity, halirekodi sauti. Mwenye kuimbisha watu anahitaji Producer kwenda juu. Toleo la kujaribia linakuacha uhifadhi mradi, ila mradi huo huufungui tena mpaka ununue. Zuri lake ni kuwa ukishanunua, matoleo yote yajayo ni bure maisha yako.

#22 Msimamizi
Nimefuta posti mbili zenye viungo vya programu zilizovunjwa. Endeleeni na mada.

#23 Fundi_Mlandege
Ahsante Msimamizi. Laptopu nyingi zinazokuja mezani kwangu zikiwa zimejaa virusi ni za watengeneza muziki, na chanzo ni hizo. Mtu kapoteza albamu ya kaswida nzima kwa kuokoa pesa ya programu.

Nunueni Reaper. Leseni ya kawaida kwa mtu mdogo ni dola 60, na unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Nyepesi, laptopu ya zamani inaibeba. Lakini ujue ni kinyume cha tunachokijadili: ina kurekodi, kukata na kumiksi kwa kila namna, vyombo vya muziki karibu hamna. LMMS ya bure ni kinyume cha kinyume, vyombo inavyo, kurekodi sauti moja kwa moja haina. Ndo uone kuwa "kila kitu" kina maana tofauti kwa kila aliyeitengeneza.

#24 MtoaKaswida
Reaper ndiyo yangu. Kaswida zetu ni sauti na dufu, vyombo vya ndani ningevifanyia nini?

Ila mie naona nyote mmepita sababu kubwa: chumba. Studio zetu nyingi ni chumba cha kulala, kuta za saruji tupu, bati au zege juu. Sauti inagonga ukutani inarudi. Feni ukiizima unayeyuka, ukiiwasha inasikika. Muuza samaki anapita, adhana inaingia, unasubiri. Ukishapata sauti chafu, prodyuza ataizamisha ndani ya mwangwi mwingi na plagini za kusafishia mpaka ifunike uchafu. Wote tunaficha uchafu uleule kwa mwangwi uleule, ndo StudioYaFuoni anausikia unakatika palepale! Sie tulisimamisha magodoro ya sufi pande tatu, mkeka na zulia chini, tukawa tunarekodi baada ya Isha. Mwangwi wa kuongezwa tukaupunguza, na kila muimbaji akarudi kuwa na sauti yake.

#25 Ukhti_Kanuni
Nakuunga mkono kwa magodoro, lakini mi ya bayati godoro haliirudishi.

#26 Mkwasa
Na kasi je? Nimepiga kidumbak, ngoma yetu ya harusi, tangu mdogo, mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa (za kutikisa), na hakuna harusi tuliyomaliza kwa kasi tuliyoanzia. Sanduku, lile besi letu la mbao, linaanza taratibu, fidla inachokoza, wanawake wakiingia kati vidumbak vinapanda wenyewe, mpaka mwisho hamna anayeweza kukaa. Niliingia studio nikapewa hedfoni yenye mlio wa tik tik, niufuate. Tulichotoa hakikuwa kidumbak, mama yangu alikisikiliza akauliza kwa nini tumechoka.

Kila programu inakuja na kasi moja iliyonyooka na gridi, mistari ya kupangia mapigo. Ukikwantaizi, kila pigo linakwenda mstarini, na lile chelewa dogo la mkono wa mpigaji linakufa.

#27 Msafiri_Muscat
Mkwasa, hilo lina dawa na imo ndani ya programu hizohizo. Logic tangu 2018 ina Smart Tempo: mnapiga bila tik tik na yenyewe inaifuata kasi yenu, gridi inapinda kuwafuata nyinyi. Live inafanya kwa njia yake, Reaper unachora ramani ya kasi kwa mkono. Ni kama ule mpango wa Mzee #10, binadamu mbele, mashine nyuma.

#28 Mkwasa
Nitaiona nikiisikia. Niliyoambiwa siku ile ni "tuko mbio, piga na tik tik".

#29 Ukhti_Kanuni
Nafikiri mashine kukata muziki wetu halikuanza leo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi, upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua kiasi cha dakika 3. Nyimbo ambazo barazani zinakwenda muda mrefu, na watu wakituza zinarefuka, zililazimishwa ziingie humo. Na bado tunazisikiliza mpaka leo.

#30 MtoaKaswida
Alikwenda 1930 nadhani?

#31 Ukhti_Kanuni
1928. Sahani ilikata urefu, lakini haikugusa maqamu wala kumfanya Siti afanane na mwengine. Walipiga pamoja, chumba kimoja, hakuna kufuta. Mipaka ile ilikuwa mikali kuliko ya programu yoyote na haikuzaa kufanana. Ndo ninachokitafutia jawabu mie, na sijaridhika na preseti ya Sanduku wala pesa ya Mrashi peke yake.

#32 Sanduku_Mkunazini
Sahani haikuwa na ngoma tayari ndani yake. Turudi palepale.

#33 Mrashi
Na Siti hakuwa na foleni ya watu watatu nje ya mlango.

#34 FidlaYaMalindi
Alikuwa na wapigaji waliokaa naye miaka. Kijana wa studio anapiga peke yake usiku, mchana anamwita mtu asiyemjua kwa nusu saa. Hapo hata mkimpa chombo cha peponi.

#35 StudioYaFuoni
Jamani ahsanteni, nimesoma zote. Nina pendekezo. Mzee Fidla, Mrashi na Mkwasa wakikubali, Ijumaa baada ya sala nawarekodi bure, laini moja ya bayati, bila tik tik, mi ikae anapotaka Mzee. Nitatoa kila chombo faili lake la WAV, sauti isiyobanwa, yaanze yote sekunde moja. Halafu kila mtu hapa achukue na amalizie kwenye programu yake: Sanduku Reason, Msafiri Logic, MtoaKaswida Reaper, mie FL, Kijana simu. Preseti ruhusa, atakaye. Tuzisikilize zote ukumbini kwenye spika moja.

#36 FidlaYaMalindi
Ijumaa nipo. Nakuja na udi pia, kuna mtu wa kuupiga.

#37 Mrashi
Nipo. Shairi ninalo.

#38 Mkwasa
Cherewa zangu mbili zimepasuka, mwenye nazi kavu nzuri anitafute 😀 Nipo.

#39 KijanaWaKonde
Mie mtanitumiaje? Nimewahi kutumiwa biti kwa WhatsApp ikafika imepungua sauti za juu.

#40 Fundi_Mlandege
Zikitumwa kama hati, zisitumwe kama sauti, zinafika kama zilivyo. Ila WAV za dakika 6 mara vyombo vitano ni MB kama 300 zikiwa stereo, bando lako litakwisha. StudioYaFuoni, mrekodie mono biti 24, halafu zibane kwa FLAC. Haipotezi kitu, na kwa sauti ya fidla na mwimbaji huwa inapungua vizuri.

#41 KijanaWaKonde
FLAC BandLab ya simu inaifungua?

#42 Fundi_Mlandege
Ikigoma nitakugeuzia niirudishe WAV na nikupe kwa mtu anayepanda boti ya Jumamosi. Una flashi ya kuchomeka kwenye simu au nikuwekee kwenye memori kadi?

#43 KijanaWaKonde
Memori kadi.